Magoti ya Bi. Mwatumu na Sheria ya Salamu

Wasomaji wangu, nawasalimu, lakini tafadhali msinijibu. Huku kwetu, Jamhuri ya Salamani, mtu hajibu salamu ovyo, na nikishawaeleza kwa nini mtanishukuru.

Mimi ni mtangazaji mstaafu wa Redio ya Taifa. Kwa miaka mingi, kila jioni kabla ya hali ya hewa, nilisoma sentensi moja tu: "Mkuu wa Nchi hajambo." Sikuwahi kumwona Mkuu hata siku moja. Hata niliponong'onezwa kwamba yuko ng'ambo anatibiwa, niliisoma vilevile, kwa sauti nzito, na wananchi wakalala usingizi wao. Kwa hiyo mkisikia naisifu serikali yangu humu, msidhani nimetumwa. Ni mazoea tu.

Mtaani wananiita Bwana Redio. Nimepanga chumba cha uani kwa Bi. Mwatumu, mwalimu mstaafu wa michezo, aliyewarusha wasichana na mpira wa pete mpaka magoti yake yakaomba kustaafu kabla yake. Daktari alimweleza kwamba gegedu limelika, sasa mfupa unasaga mfupa, na ugonjwa wenyewe unaitwa baridi yabisi. Asubuhi namsikia akiamka: kwanza kinalia kitanda, kisha linalia goti la kulia, kisha yeye mwenyewe anasema "Bismillahi" kwa sauti ya mtu anayenyanyua gunia la chumvi. Akitoka uani namwuliza ameamkaje.

"Salama tu, Bwana Redio. Nzuri sana."

Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo tulivyolelewa wote. Marehemu mama yake alimfundisha yeye na dada yake kwamba anayekuuliza hali amekuletea heshima, usimtwishe mzigo naye bado yuko mlangoni. Jibu "nzuri" kwanza. Kama nyumba imeungua, utamwambia akishakaa na kunywa maji. Mila nzuri hii, na imetudumishia amani, maana serikali ikituuliza hali zetu nayo tumekuwa tukiijibu hivyohivyo.

Sasa dada mtu, Bi. Kibibi, alianguka bafuni akavunjika nyonga. Akalazwa Hospitali Kuu, wodi ya mifupa ya wanawake, akingoja zamu ya kupasuliwa. Hawana mtu mwingine duniani, hao mabibi wawili, ila wao kwa wao. Bi. Mwatumu akawa anakwenda kila jioni na kigari chake kikuukuu, mimi nikimshikia hotipoti ya supu ya makongoro, kwa sababu inasemekana makongoro huweka ute kwenye viungo. Akiwa kwenye usukani magoti hayamsumbui sana. Kazi ni kushuka na kutembea.

Mbele kabisa ya mlango wa wodi, chini ya kivuli, kuna maegesho ya walemavu yenye mabango ya buluu. Asiye na kibandiko cha buluu kwenye kioo cha gari anaegesha nyuma ya jiko la hospitali. Kutoka huko unapita kwenye dobi, unapita mochwari, unashuka ngazi. Bi. Mwatumu hushuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta, kwa kuwa kwenda mbele magoti hukataa. Saa ya kuona wagonjwa ni moja tu, na mara nyingi alikuwa akifika, anasema "Shikamoo, Dada," anaitikiwa "Marahaba," na kengele inalia.

"Habari ya hapa, Dada?" anauliza huku anasukumwa nje.

"Nzuri. Na wewe?"

"Nzuri."

Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Njia nzima ya kurudi Bi. Mwatumu anakaza macho barabarani, na mimi najifanya natazama maduka.

Nikamshauri aombe kibandiko. Haki yake ilikuwa wazi kama jua la saa sita, ila kibandiko chenyewe kilikuwa kimekwisha kupanda cheo. Siku hizo posa ikiletwa, upande wa binti unauliza kwanza kama kijana ana kibandiko. Wake za wakurugenzi walikuwa na magongo yanayofanana na vitenge vyao, na wakiingia ukumbini huyaning'iniza begani kama mikoba. Mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Viungo na Maegesho, Mheshimiwa Tandiko Fumbwe, alikuwa wa kwanza nchini kupewa, kwa sababu amebeba mzigo wa taifa magotini. Huyo huyo ndiye mshambuliaji wa kati wa timu ya soka ya Waheshimiwa. Alipofunga mabao matatu, gazeti la serikali liliandika kwa furaha kwamba ulemavu si kulemaa.

Bodi ilikuwa na busara. Iligundua kwamba barua za madaktari zinaweza kughushiwa, na picha za eksirei zinaweza kuazimwa kwa jirani. Ikatafuta ushahidi usioweza kughushiwa, ikaupata. Ikatunga Sheria ya Salamu: mwombaji atasalimiwa, na jibu lake litahesabiwa kuwa kauli yake rasmi ya afya.

Hatukuijua sheria hiyo tulipofika. Karani alitupokea vizuri mno.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo wote."

"Na wewe mwenyewe, afya?"

"Alhamdulillahi, sijambo."

Karani akapiga muhuri. "Tumemaliza, mama. Umekataliwa."

"Nimekataliwa nini? Sijaomba bado."

"Umesema hujambo."

"Si umenisalimia, mwanangu?"

"Ndiyo mahojiano yenyewe, mama."

Bi. Mwatumu akatoa picha ya eksirei akaiweka mezani. Karani hakuigusa. Alisema goti la kwenye picha linaweza kuwa la mtu yeyote, ila kauli ni ya mwenyewe. Mabishano yakamtoa ndani Mheshimiwa Fumbwe, mtu mnene wa sauti, ambaye hata akiomba chumvi huomba kwa hotuba.

"Mama yangu mzazi!" alinguruma. "Serikali hii haiwezi, nasema haiwezi, kumwita mtu mzima kama wewe mwongo! Umetamka hujambo, nasi tumekuamini. Taja nchi nyingine inayowaamini wananchi wake namna hii!"

Nilipiga makofi. Nilipiga peke yangu, lakini nilipiga.

"Na ule bamia, huongeza ute magotini," akaongeza, akarudi ndani kwa mwendo wa haraka sana kwa mtu mwenye kibandiko.

Tuliporudi nyumbani nilimkalisha barazani nikaanza kumfunza. Kazi ya mdomo ndiyo kazi yangu.

"Hujambo, Bi. Mwatumu?"

"Sijam..."

"Hapana. Sema, 'Mahututi.'"

"Naona haya, Bwana Redio."

"Sema basi, 'Mbaya.'"

"Mtu hajavua hata viatu nimwambie mbaya? Mama atanisikia huko aliko."

Tulirudi kwa karani. Akamwuliza habari. Bi. Mwatumu akafumba macho, akashika ukingo wa meza, akavuta pumzi. "Mba... mba... mbali na magoti, nzuri." Karani akaandika "nzuri" na kutuonyesha mlango. Bi. Mwatumu alilia ndani ya gari siku hiyo, akaniambia ni vumbi, nami nikakubali kwamba ni vumbi.

Wananchi wengine hawakuwa na adabu ya aina hiyo. Habari za sheria zilipoenea, kila mtu akaanza kujizoeza, maana huwezi kujua karani wa Bodi amesimama wapi. Ukimwuliza muuza nyanya habari za asubuhi, anakujibu, "Mbaya! Figo, mgongo, na shemeji yangu." Bwana harusi mmoja alisalimiwa na sheikh akajibu kwamba ana siku chache za kuishi. Bibi harusi akataka kwanza kujua ni chache kiasi gani. Salamu zikawa ndefu hata watu wakawa wanakatiza vichochoroni ili wasikutane na wanaowafahamu.

Serikali ilipoona mafanikio hayo ikaamua kuyapeleka mbele. Mchana mmoja Bi. Mwatumu alikuwa uani akikata bamia, nami nimefungulia redio. Kijana aliyeshika nafasi yangu akatangaza, kwa sauti nzuri ingawa anameza herufi, kwamba jioni hiyo Mheshimiwa Fumbwe atazindua Operesheni Hujambo katika Hospitali Kuu. Vitanda vimejaa watu. Mheshimiwa atapita akiwasalimia wagonjwa mmoja mmoja, na kila atakayejibu kwamba hajambo ataruhusiwa papo hapo kurudi nyumbani.

Kisu kikaanguka kwenye sinia.

"Dada atasema sijambo," alisema Bi. Mwatumu.

"Labda leo..."

"Bwana Redio, huyo alivunjika nyonga, majirani wakamkuta sakafuni, wakamwuliza hujambo, akasema sijambo, karibuni. Na kesho asubuhi ndiyo zamu yake ya kupasuliwa! Wakimtoa leo, atangoja tena mpaka lini? Atalala chali mpaka kufa?"

Kupiga simu haikuwezekana. Simu zimepigwa marufuku wodini kwa sababu zinasumbua mashine ambazo zitanunuliwa. Tukaingia garini, yeye na khanga yake ya kukatia bamia, mimi na hotipoti.

Tulikuta maegesho ya walemavu yamejaa magari ya msafara, kila moja na kibandiko chake. Gari la Mheshimiwa lilikuwa limepanda juu ya mteremko wa viti vya magurudumu, na chini yake kijana mwenye kiti cha magurudumu alikuwa akingoja kwa heshima. Mlinzi wa lango, Bwana Kaniki, aliinamisha kichwa dirishani.

"Nyuma ya jiko, mama."

"Baba, leo tu. Ni dada yangu."

"Mama, ningekuwa na uwezo ningekubeba mgongoni. Nyuma ya jiko."

Mtauliza kwa nini sikukimbia mimi. Ile ni wodi ya wanawake, na mwanamume haingii ila ameongozana na ndugu wa mgonjwa. Basi tukaenda mwendo wa Bi. Mwatumu. Amenishika bega, vidole vimeniingia nyamani. Tukapita dobi. Penye mochwari alisimama, jasho linamtiririka, nikamwambia apumzike.

"Hapa?" akasema. "Hapa watu watadhani nimefika."

Kwenye ngazi akageuka kinyumenyume kama kawaida yake. Kila kidato goti lilitoa mlio, naye safari hii hakusema Bismillahi tu, alisema na maneno mengine ambayo mtangazaji hayarudii. Kilichotuokoa ni itifaki. Kutoka madirishani tulikuwa tunasikia kipaza sauti, Mheshimiwa bado anawatambua waliohudhuria: mkuu wa hospitali, naibu wake, kaimu wa naibu, viongozi wa dini, mwakilishi wa wauza soda. Nchi yetu imeokolewa mara nyingi na itifaki, ila haisemwi.

Tulipofika mlangoni alikuwa ameanza kazi. Wapiga picha wako mbele, nyuma yake Sista Edeltruda, muuguzi wa zamu, mwenye uso wa mtu anayehesabu pumzi zake. Kwenye kitanda cha kwanza alilala bibi kizee ambaye mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na jiwe.

"Bibi, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Karibu, karibu sana."

"Aruhusiwe!"

Kamera zikamulika. Sista Edeltruda akaitazama kamba, akalitazama jiwe, asijue aanzie wapi. Kitanda cha pili hakijambo. Cha tatu hakijambo, tena chamshukuru Mungu. Mheshimiwa akasogea kwa Bi. Kibibi. Bi. Kibibi naye, kuona mgeni, akajifunika vizuri, akasawazisha ushungi, akatabasamu kama yuko sebuleni kwake.

"Bibi, hujambo?"

"Si..."

"Dada, usijibu!"

Wodi nzima iligeuka. Bi. Mwatumu alikuwa ameniachia bega na kushika chuma cha kitanda. Alipumua mara kadhaa kabla hajapata sauti.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi naumwa. Magoti yananiua. Yananiua asubuhi, yananiua ngazini, na juzi yameniua nikiwa mbele ya karani wako, nikasema nzuri. Dada yangu nyonga imevunjika, anaumwa pia, na huyu bibi wa mguu wa kamba anaumwa. Tunasema hatujambo ili wewe unayeuliza usipate taabu. Ni adabu tu, baba. Lakini ukiichukua adabu yetu ukaigeuza kamba ya kutufungia, basi leo taabu ni yako. Ichukue."

Bi. Kibibi hakumtazama Mheshimiwa kabisa. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

"Mwatumu. Magoti yanakuuma hivyo?"

"Yananiuma, Dada."

"Na kila siku unakuja kwa miguu hiyo, unaniambia nzuri!"

"Na wewe, nyonga?"

Bi. Kibibi akaanza kusema sijambo, nikaona mdomo umeshajiweka. Kisha ukavunjika. "Usiku silali," alisema. "Nikisikia kengele ya wageni nafuta machozi, nisikutie simanzi."

Mimi nimesoma taarifa za vifo vya watu wakubwa bila sauti kutetereka, lakini pale nililazimika kuifungua na kuifunga hotipoti bila sababu. Kizee cha mguu wa kamba kikasema, "Na mimi nimejibu kwa adabu tu, mwanangu, mguu wote unawaka moto." Kitanda cha pili kikadai nacho kiandikwe upya. Cha tatu kikaeleza tumbo lake kuanzia utotoni. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua, na wodi ile siku hiyo haikutaka kuumbuliwa.

Kamera bado zilikuwa zinamulika. Mtu mdogo angefedheheka, lakini Mheshimiwa Fumbwe si mtu mdogo. Alipanua mikono.

"Ndugu wanahabari, andikeni! Leo hii, kwa mara ya kwanza katika historia, serikali yenu imegundua wagonjwa hospitalini!"

Nilipiga makofi, na safari hii walipiga wengi. Operesheni ikahesabiwa kuwa imefaulu. Yakabaki mambo ya sheria: Bi. Mwatumu ametamka mbele ya mamlaka kwamba anaumwa, tena akiwa wodini, kwa hiyo lazima alazwe. Kitanda hakikuwapo. Wakamlaza na dada yake, mzungu wa nne, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Kengele ikalia, mlinzi akapita akipiga kelele kwamba wageni wote nje.

"Mimi mgonjwa," ikasema sauti ya Bi. Mwatumu kutoka chini ya blanketi.

Nilitolewa mimi, kwa kuwa ni mzima. Dirishani niliwaona wakila supu kwa kijiko kimoja, na wanaongea wote wawili kwa wakati mmoja, kama watu wenye deni kubwa la maneno. Asubuhi Bi. Kibibi akapasuliwa, na akazindukana salama.

Bodi nayo haikulala. Sasa ilikuwa na kauli rasmi ya Bi. Mwatumu, na kibandiko kikatoka haraka. Maofisa walikileta wenyewe, wakalikuta gari lake nyuma ya jiko, wakakibandika kiooni. Kwa kuwa kanuni inasema kibali kinahusu gari pamoja na mahali lilipokutwa, wakachimba shimo hapo hapo wakasimika bango la buluu. Bi. Mwatumu aliporuhusiwa na kuliona, karibu na mapipa ya maganda ya ndizi, alicheka mpaka akashika goti.

Lakini bango jipya halifichiki. Waheshimiwa walilisikia. Ikavuma kwamba lile la nyuma ya jiko ni la daraja la juu, kwa sababu mwenye nalo alilipatia kitandani, mbele ya kamera, kwa ugonjwa wa kweli. Nani angekubali kubaki na ulemavu wa daraja la pili? Magari makubwa yakaanza kugombania nafasi kule nyuma. Mabango ya mbele yakang'olewa moja moja, yakahamishiwa nyuma ya jiko. Ukipita sasa utawaona waheshimiwa wakishuka kwa viatu vinavyong'aa, wanapita dobi, wanapita mochwari wakitazama pembeni, wanashuka zile ngazi kwenda kunywa supu kwenye mgahawa wa mbele. Naambiwa Mheshimiwa Fumbwe ameacha mpira. Goti lake moja limeanza kuuma kweli, naye akiulizwa hujibu kwamba hajambo.

Mbele ya wodi pakabaki uwanja mtupu, wa kawaida, wenye kivuli. Siku ya kumchukua Bi. Kibibi, Bwana Kaniki alisimamisha kigari chetu akaona haya kidogo.

"Mama, kule kwa wakubwa pamejaa. Utakubali kuegesha hapa mlangoni?"

"Nitavumilia, baba," akasema Bi. Mwatumu.

Bi. Kibibi akatoka na gongo lake, Sista Edeltruda ameshika mkono mmoja na mdogo wake mwingine, ingawa sikujua hasa nani anamshika nani. Nikamsalimia. Akaangaza kwanza huku na huku kuona kama hakuna mtu wa Bodi.

"Nyonga inavuta kidogo, Bwana Redio, na njaa inaniuma. Zaidi ya hapo sijambo."

Nimewatangazia hajambo nyingi maishani mwangu, ndugu zangu. Hii niliiona kwa macho yangu, ikiingia garini taratibu na kufunga mlango wake yenyewe.